Bloodlines: gemu mbovu ambayo wachezaji wamekataa kuizika

Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilitoka tarehe 16 Novemba 2004 ikiwa na kasoro ya kutisha kuliko mnyonya damu yeyote aliyemo ndani yake: kwa wachezaji wengi ilizima katikati ya kazi ya lazima ya hadithi, na ukirudia inazima palepale. Miezi mitatu baadaye kampuni iliyoitengeneza ikafunga milango. Kibiashara, hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini zaidi ya miaka 20 imepita na gemu hii bado inafanyiwa ukarabati, bado inanunuliwa, na bado inachezwa na vijana ambao mwaka 2004 walikuwa hawajazaliwa.

Jibu la haraka ni kwamba mapenzi ni upofu, au kwamba watu wazima wanaukumbuka ujana wao. Halitoshi. Gemu mbovu za miaka ile zilikuwa tele na nyingi zimesahaulika kabisa. Hii inapendwa na watu wanaoujua ubovu wake eneo kwa eneo, na wanaokuonya kabla hujaanza: jiandae, ukifika kwenye mitaro ya Hollywood utalaani. Mtu wa namna hiyo hajapofuka. Ili kumwelewa inabidi kwanza kuupambanua ubovu wenyewe, maana si wa aina moja, kisha kuona kwamba kinachopendwa na kinacholaaniwa vilitoka kwenye uamuzi uleule.

Ni gemu ya namna gani

Ni gemu ya uhusika, yaani wewe ndiye unayemjenga mhusika: unachagua asili yake, unagawa alama za uwezo wake, na dunia inakujibu kulingana na ulivyomjenga. Unaanza kama mtu wa kawaida mjini Los Angeles. Ndani ya dakika chache unauawa na kufufuliwa kuwa mnyonya damu, aliyekugeuza anakatwa kichwa mbele ya kadamnasi kwa kuvunja sheria, na LaCroix, mkuu wa wanyonya damu wa mji, anakuachia uhai ili uwe kijana wake wa kutumwa. Kuanzia hapo unazunguka maeneo manne, Santa Monica, Downtown, Hollywood na Chinatown, ukitumwa na watu wanaoligombea jeneza la kale ambalo hakuna mwenye hakika lina nini ndani.

Sheria kubwa ni moja: binadamu wasijue. Ukitumia nguvu zako au kunyonya damu mbele ya watu, unahesabiwa kosa. Makosa matano, mchezo umekwisha. Damu uliyonayo ni alama zisizozidi 15, na kila nguvu unayoitumia inazila. Ukiua ovyo wasio na hatia, ubinadamu wako unashuka, na ukishuka sana mnyama aliye ndani yako anaanza kukupora usukani.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam haya si mageni kama yanavyoonekana. Pwani hii imelelewa na minong'ono ya mumiani, na katika enzi za mkoloni Afrika Mashariki yote ilikuwa na hofu ya watu wanaovuna damu usiku. Hao hawakuwa majini ya porini. Walikuwa watu wenye ajira, magari na wakubwa wa kuwalinda, hata wazimamoto walishukiwa. Bloodlines imejengwa juu ya hofu ya jinsi hiyo. Wanyonya damu wake wana vilabu vya muziki, maghorofa na waganga wanaolipwa wanyamaze. Pale Santa Monica, chini ya zahanati, kuna mhudumu anayeitwa Vandal anayeuza mifuko ya damu dirishani kama dawa ya mafua.

Ubovu ulikotoka

Troika Games ilianzishwa mwaka 1998 na Tim Cain, Leonard Boyarsky na Jason Anderson, watu waliokuwa wameshiriki kutengeneza gemu ya Fallout ya 1997 wakiwa kampuni ya Interplay. Kabla ya Bloodlines walitoa Arcanum (2001) na The Temple of Elemental Evil (2003). Zote mbili ziliacha sifa ileile: mawazo makubwa, kasoro nyingi. Timu ya Bloodlines ilikuwa na watu wapatao 32 tu, nao waliamua kutumia injini ya Source, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ya kampuni ya Valve wakati Valve wenyewe walikuwa bado wanaiandika. Injini ikibadilika kule, Troika wanabaki na toleo la nyuma, na kasoro zake wanahangaika nazo wenyewe.

Mkataba nao uliwazuia kutoa gemu yao kabla ya Half-Life 2, gemu ya Valve iliyotumia injini hiyohiyo. Mchapishaji, Activision, akaitoa siku ileile ambayo Half-Life 2 ilitoka. Huwezi kubuni siku mbaya zaidi. Wiki za mwanzo ziliuzwa nakala zipatazo 72,000, na Februari 2005 Troika ikafungwa. Kiraka rasmi, yaani faili la kurekebisha kasoro, kilichotoka Desemba 2004 kikabaki kuwa cha mwisho.

Cha kuangalia zaidi ni mahali ambapo watu wale wachache walielekeza nguvu zao. Source ilikuwa hodari kwa nyuso: macho yanayokufuata, midomo inayokwenda na maneno, hasira unayoiona kabla haijasemwa. Troika wakaichukua sifa hiyo na kuijengea gemu nzima. Waandishi, Brian Mitsoda akiwa miongoni mwao, waliandika mazungumzo ambayo kila mhusika ana namna yake ya kusema na ya kukuficha jambo. Koo saba za wanyonya damu zikapewa njia tofauti za kuishi mjini. Kisha muda na fedha vikaisha. Ni harusi ambayo bajeti yote imemezwa na ukumbi na mapambo, wali ukaishia meza ya nne.

Ubovu wa aina tatu

Aina ya kwanza ni uvunjikaji: vitu vilivyokusudiwa kufanya kazi vikagoma. Mfano maarufu ni kazi ya kwenye ngome ya Society of Leopold, kundi la wawindaji wa wanyonya damu, ambako ukishamaliza na gemu inapaswa kukupeleka eneo linalofuata, inazima. Wachezaji wa mwanzo walivuka kwa kufungua dirisha la amri na kuandika wenyewe jina la ramani inayofuata. Kasoro nyingine ilikuja na umri: toleo la awali likiwekwa kwenye kompyuta yenye RAM nyingi linaweza kukataa kuanza likidai eti kumbukumbu haitoshi, kwa sababu liliandikwa wakati ambapo MB 384 zilikuwa zinatosha.

Aina ya pili ni yaliyokatwa. Kuna maeneo, mazungumzo na historia za wahusika zilizoandikwa zikaachwa njiani, lakini nyingi zilibaki ndani ya mafaili ya gemu bila mlango wa kuzifikia. Hapa bahati ilisaidia. Mantiki ya mazungumzo na kazi za Bloodlines imeandikwa kwa lugha ya Python, na mazungumzo yenyewe ni mafaili ya maandishi yanayofunguka. Msimbo wake wa asili (source code) haujawahi kutolewa hadharani, lakini asilimia kubwa ya tabia za gemu unaweza kuzisoma na kuzirekebisha bila kuwa nao. Gemu nyingine yenye ubovu kama huu lakini iliyofungwa kila upande ingekufa na siri zake.

Aina ya tatu haina fundi. Ni ubovu wa ubunifu. Ukilenga bastola, alama ya shabaha inatulia polepole mno kama ujuzi wako ni mdogo, na risasi inakwenda inakotaka hata kama umemwelekezea mtu usoni. Mapigano ya panga na ngumi yanaonekana kama ugomvi wa walevi. Kisha kuna mitaro ya maji machafu chini ya Hollywood, njia ya kwenda kwa ukoo wa Nosferatu: vichochoro vinavyofanana, viumbe wanaojirudia, muda mrefu bila mtu wa kuongea naye. Hakuna mpenzi wa gemu hii anayeitetea mitaro. Tukisema kweli, anayeitetea hajafika.

Kinachopendwa

Tuanze na hoteli ya Ocean House, kwa sababu karibu kila mtu anaanzia hapo. Unatumwa huko ukiwa bado mgeni wa gemu, kwenda kuchukua kitu cha marehemu ili mzuka uachilie jengo. Ndani hakuna adui hata mmoja wa kupigana naye. Kuna taa zinazopasuka, lifti inayoanguka, vyungu vinavyorushwa, na magazeti ya zamani yanayokusimulia kidogokidogo kilichotokea kwa familia moja. Wewe ni mnyonya damu, eti kiumbe cha kuogopwa, na unatembea umejibanza ukutani. Watengenezaji waliojua kwamba mapigano yao ni dhaifu waliyaondoa kabisa, na ndipo gemu ikawa bora kuliko popote.

Halafu kuna wahusika. Mmiliki wa klabu ya Asylum ni Therese Voerman, mkavu na mwenye mahesabu, na dada yake Jeanette ni kinyume chake kwa kila kitu. Wanachukiana na kila mmoja anataka umsaidie kummaliza mwenzake. Ugomvi wao unafikia kilele kwenye mazungumzo, silaha zikiwa mfukoni. Kama umejenga uwezo wa kushawishi, kuna njia ya kuwapatanisha ambayo mwenye misuli mitupu hataiona kabisa. Katika mazungumzo, majibu yanayotokana na uwezo wako huonekana kwa rangi na mwandiko wake, kwa hiyo unajua ni pointi zako ndizo zinazoongea.

Au Heather, msichana anayekata roho kitandani kwenye zahanati ya Santa Monica. Ukimpa tone la damu yako anapona, na anakuwa mtumwa wako wa hiari. Anahamia kwako, anakuletea zawadi, anakusubiri, anazidi kukutegemea. Gemu haikuambii kwamba umefanya ubaya. Inakuacha ufaidi. Baadaye, usipokuwa umemfukuza kwa maneno makali wakati bado kuna nafasi, maadui zako wanampata. Wachezaji wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa, na wanalijadili hadi leo kama jambo lililotokea mtaani kwao.

Jambo la mwisho ni la kihesabu, nalo ndilo ufunguo wa makala haya. Katika gemu nyingi za uhusika unapata alama za uzoefu kwa kila adui unayemuua. Bloodlines haitoi alama hata moja kwa kuua. Unalipwa kwa kumaliza kazi, na mara nyingine nyongeza kwa kuimaliza kwa akili. Maana yake ni kwamba aliyepita mlangoni kwa maneno, aliyefungua kufuli la nyuma na aliyevunja watu mbavu wote wanalingana. Kwa theluthi mbili za mwanzo hivi, ahadi hii inatimizwa vizuri ajabu. Mchezaji anaamini. Anaweka pointi zake kwenye ushawishi, udukuzi na kunyemelea.

Kisha theluthi ya mwisho inakuja na karibu yote ni mapigano. Korido baada ya korido, na wakubwa wa mwisho hawasikii maneno. Yule mshawishi uliyemjenga kwa upendo anakuta ulimi wake hauna kazi. Hili ndilo chimbuko la uchungu wa mashabiki, na uchungu huo ndio unaotofautisha gemu hii na gemu mbaya ya kawaida. Gemu mbaya haikuvunji moyo, kwa sababu haikukuahidi kitu. Bloodlines iliahidi jambo ambalo ni wachache wamewahi kulitimiza, ikalitimiza kwa zaidi ya nusu ya safari, ikaishiwa pumzi. Mpenzi wake ana gemu mbili kichwani: iliyopo na ile iliyokuwa inakuja.

Gemu ya Star Wars: Knights of the Old Republic II ya kampuni ya Obsidian, iliyotoka Desemba 2004 hiyohiyo, ina hali ya aina hii: hadithi nzito, mwisho uliokatwa kwa haraka, na mashabiki waliorudisha vilivyokatwa.

Jinsi ya kuifanya icheze

Kiraka kinachojulikana kama Unofficial Patch kilianzishwa na Dan Upright, na tangu 2005 kimekuwa mikononi mwa Werner Spahl, mkemia wa Ujerumani anayejulikana kwa wachezaji kama Wesp5. Bila kiraka hiki usianze. Ndicho kinachoondoa lile tatizo la RAM, kinachoruhusu skrini pana za siku hizi, na kinachoziba mashimo ya aina ya kwanza karibu yote.

Mashine si tatizo. Kompyuta ya mezani iliyotumika, zile za ofisi zinazouzwa Kariakoo zenye Core i3 au i5 na RAM ya GB 4, inatosha hata kama haina kadi ya picha ya peke yake. Tenga nafasi ya GB 6 kwenye diski ili upumue. Bei ya kawaida ni dola 20 hivi, na hushushwa sana wakati wa punguzo. Kadi pepe ya Visa au Mastercard unayoitengeneza kwenye pochi ya simu inakubalika. Weka ziada kidogo, maana ubadilishaji wa fedha hula na malipo yenye pungufu ya shilingi chache hukataliwa.

Ukinunua GOG, duka la gemu la mtandaoni, gemu inakuja ikiwa tayari na kiraka ndani, na unapata faili la kusakinisha unaloweza kulishusha mara moja kwa bando la usiku ukalihifadhi kwenye flashi. Ukinunua Steam, duka jingine la mtandaoni, kiraka unakitafuta mwenyewe. Nakala zinazozunguka mkono kwa mkono ni za kuogopwa kwa sababu ya kiufundi kabla hata ya sheria: nyingi zimechanganywa na marekebisho yasiyojulikana, na kiraka kikiwekwa juu yake kinaleta hitilafu ambazo hakuna atakayekusaidia kuzifumbua.

Sakinisha gemu kwenye folda ya kawaida, kwa mfano C:\Gemu\Bloodlines. Usiiweke ndani ya Program Files. Windows inalilinda eneo hilo, na gemu ya 2004 inataka kuandika mafaili yake ndani ya folda yake yenyewe. Ikizuiwa, ulichoseivu kinapotea au kiraka kinaingia nusu. Halafu endesha kisakinishi cha kiraka na ukielekeze kwenye folda yenye faili la Vampire.exe, si kwenye folda iliyo juu yake.

Kitakuuliza unataka toleo la msingi au la Plus. La msingi linarekebisha kasoro na kuiacha gemu karibu na ilivyokusudiwa. Plus linarudisha vilivyokatwa, kama maktaba ya Downtown na historia za wahusika, na linagusa pia uwiano wa baadhi ya mambo. Wapo wanaokupa Plus tangu siku ya kwanza. Kwa mtu mpya msingi ni bora. Baadhi ya vilivyokatwa vilikatwa kwa sababu nzuri, na huwezi kujua kilichorudishwa kina thamani gani kama hujui palikuwaje bila hicho.

Kosa linalowaliza wengi linakuja baada ya hapo. Kiraka kinajenga folda yake, Unofficial_Patch, na gemu lazima ianzishwe kwa kuambiwa itumie folda hiyo. Njia ya mkato ambayo kiraka kinaiweka kwenye skrini inafanya hivyo yenyewe. Lakini ukibonyeza kitufe cha kucheza cha Steam bila kuweka -game Unofficial_Patch kwenye chaguo za uanzishaji, unacheza toleo bovu la zamani. Na kwa kuwa kila toleo linaseivu kwenye folda yake, siku ukibadilisha njia ya kuanzisha utakuta ulichoseivu hakipo, udhani kimefutika. Kipo, upande wa pili.

Usisasishe kiraka katikati ya mchezo. Unaposeivu, gemu inahifadhi hali ya kila kitu kwenye ramani ulizokwisha kupita. Kiraka kipya kinabadilisha ramani na maandishi yanayoziendesha, na vitu vya zamani vinakutana na maagizo mapya visivyoyatambua: mlango haufunguki, mtu wa kukupa kazi hasemi. Maliza kwanza, au anza upya.

Kwa mazingira yetu kuna la ziada. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo linaharibika, na kama ndilo pekee ulilokuwa nalo, safari imekwisha. Zungusha nafasi tatu au nne za kuseivu, usiandike juu ya ileile kila mara, na ukimaliza eneo nakili folda ya save kwenye flashi. Mwenye laptopu yenye betri nzima ana amani kuliko mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Washa maandishi ya mazungumzo tangu mwanzo. Kiingereza cha wahusika ni cha mitaani, cha haraka na chenye mafumbo, na nusu ya utamu umo kwenye maneno.

Kumjenga mhusika atakayefika mwisho

Kwa kuwa ubovu wa aina ya tatu hauzibiki, unaukwepa kwa mpangilio. Chagua njia moja ya maneno, na ushawishi unatosha. Usigawanye pointi kwa kutongoza na kutisha pia. Kufungua kufuli na udukuzi vikuze kwa kiasi cha kati, maana milango mingi haihitaji zaidi. Kisha, kabla ya kuingia Hollywood, hakikisha uwezo mmoja wa kupigana umeukuza vya kutosha. Panga au ngumi ndiyo salama. Bunduki ni dhaifu mwanzoni na zinakuwa na maana pale tu ujuzi umepanda na silaha nzuri zimepatikana. Mercurio wa Santa Monica anauza silaha, na haijalishi wewe ni mpole kiasi gani, mwache asikusahau.

Kwenye mitaro kumbuka ile hesabu: kuua hakulipi. Kila kiumbe unachokikimbia hakikupunguzii chochote. Nunua mifuko ya damu kwa Vandal kabla hujashuka, tumia nguvu ya kuongeza kasi au ya kutoonekana kama ukoo wako unayo, na kimbia. Watu wanaokwama humo ni wale wanaosafisha kila chumba kwa mazoea ya gemu nyingine. Kwenye majengo ya mwisho akiba ya damu na risasi ndiyo kila kitu, kwa hiyo ukipata kirusha moto usikimalizie kwa walinzi wa getini.

Ukoo wa kwanza uwe Toreador: wana mvuto wa kufungua mazungumzo na wana kasi ya kuwaokoa mapigano yanapochukua nafasi. Brujah ni rahisi zaidi kama unapenda ngumi, na Tremere wana uchawi wa damu unaofanya bunduki zisihitajike. Ventrue anajidai, hanyonyi panya na damu ya watu wa chini humtapisha. Nosferatu ana sura ambayo ikionekana tu na binadamu ni kosa, kwa hiyo mji mzima anaupita kwa chini. Ni gemu nyingine kabisa, lakini si ya kuanzia.

Mapenzi yanayofanya kazi

Kwenye mabanda ya gemu ya Manzese au Mbagala unalipia mechi au muda, na mpira unatawala kwa sababu dakika kumi zinatosha kumpata mshindi. Gemu ya saa 30 ya mtu mmoja, yenye kusoma kuliko kubonyeza, haikai pale. Inaishi kwenye kompyuta za nyumbani, na inasambaa kwa mtu kumwambia mtu, mara nyingi na maelezo marefu ya jinsi ya kuiweka. Maelezo hayo yenyewe yanajenga undugu. Kitu ulichokihangaikia mpaka kikawaka unakiona chako, tofauti na kilichowaka chenyewe. Na kiraka kinapotoka tena baada ya miaka yote hiyo, mchezaji anajua kuna mtu mahali fulani bado anarekebisha sentensi moja ya mhusika mmoja asiye na umuhimu.

Yupo anayeweza kusema: basi rekebisha mapigano, mengine yabaki, upate gemu kamili. Jaribio la karibu na hilo tunalo. Bloodlines 2 ilitangazwa Machi 2019 ikiwa kwa studio ya Hardsuit Labs, Mitsoda akiwa mwandishi kiongozi. Mwaka 2020 akaondolewa, mwaka uliofuata studio yenyewe ikanyang'anywa kazi, gemu ikaja kukabidhiwa studio nyingine, The Chinese Room, na kutoka Oktoba 2025. Inachezeka kwa mikono vizuri zaidi ya ile ya kwanza: kuruka, kupiga na kukimbia vimenyooka. Lakini mhusika wake mkuu ni Phyre, mzee wa karne nyingi aliyeandikwa tayari, na nafasi ya kumjenga na kuongea kwa namna yako imebanwa. Mapokezi yakagawanyika. Mashabiki wengi wa zamani wakasema jambo lile walilolipenda ndilo lililopunguzwa, na lile walilokuwa wamekwisha kulisamehe ndilo lililorekebishwa.

Ukimaliza mara ya kwanza, nakili folda ya save, weka Plus, na anza upya na ukoo wa Malkavian. Hao ni wendawazimu, na Troika waliwaandikia majibu yao wenyewe karibu gemu nzima. Malkavian anagombana na alama ya barabarani ya kusimamisha magari. Anazungumza na msoma habari kwenye runinga, naye anamjibu. Anawaita watu kwa majina ambayo hawajajitambulisha nayo, na mengi kati ya anayoyaropoka ni siri za hadithi zilizosemwa wazi kabla ya wakati wake. Kwa mgeni ni kelele tu, na ndiyo sababu usianze nao. Kwa mtu aliyekwisha kufika mwisho, Santa Monica ileile inasomeka upya kuanzia sentensi ya kwanza, huku bastola zikiendelea kukosa shabaha kama kawaida.